Kumsema Mtoto na Kumsemea

Jumapili moja baada ya ibada, watu walipokuwa wakiagana chini ya mwembe, alitujia mama mmoja wa kijijini kwetu akiwa amemshika mwanawe mkono. Mtoto huyo ana umri wa miaka sita. Hatazami watu usoni, haitiki akiitwa kwa jina lake, na siku ile alikuwa akipepesa vidole vyake mbele ya macho na kuvitazama kana kwamba ndiyo kazi aliyotumwa. Yule mama hakutuomba dawa, wala hakutuomba sala. Alituuliza swali. "Mwalimu," alisema, "katika mtaa wetu wako wazazi wengine watatu wenye watoto kama wangu, nao wataka tuwe tunakutana na kuelezana. Lakini mama mkwe amenikataza. Asema kumweleza mtoto mbele za watu ni kumvua nguo sokoni. Nifanyeje?"

Tulimjibu, "Kutana nao, mama, hakuna ubaya." Tulipofika nyumbani tukaona ya kuwa jibu letu lilikuwa jepesi kuliko swali lake. Kwa hiyo twalirudia hapa, maana twajua ya kuwa miongoni mwenu ninyi msomao kurasa hizi wamo wenye swali lilo hilo, nao hawajapata wa kumwuliza.

Tuseme kwanza kidogo juu ya hali yenyewe. Leo huitwa usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mwanzo, hata akayapokea mambo ya ulimwengu kwa njia isiyo yetu: sauti, mwanga, mguso, maneno, nyuso za watu. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Wengine wana akili kali, wengine ni wazito wa kujifunza. Hakuna dawa ya kuuondoa, na mtu auzaye dawa ya namna hiyo, awe na duka mjini au awe na kibuyu porini, ni mdanganyifu. Kwa sehemu kubwa hali hii huja kwa urithi, kama kimo na sura zijavyo. Habari ya kwamba chanjo ndiyo iuletayo ilienezwa na maandishi yaliyochapwa Uingereza mwaka 1998, na gazeti lililoyachapa likayafuta mwaka 2010, kwa kuwa yalionekana si ya kuaminiwa. Laana nayo haimo. Ninyi mwaijua habari ya kipofu yule katika Injili ya Yohana, mlango wa 9, na jinsi wale waliotaka kutafutiwa mwenye kosa walivyokataliwa.

Basi turudi kwa yule mama mkwe, maana ni rahisi kumcheka, na si haki kumcheka. Ameishi miaka mingi kuliko sisi, naye ameona kazi ya ulimi kijijini. Amemwona mtu aliyeanguka kifafa mara moja katika ujana wake akaitwa kwa jina la maradhi yake mpaka uzeeni, na binti zake wakakosa wachumba. Aliposema habari ya kumvua mtoto nguo hakuwa na roho mbaya. Alikuwa akimfunika mjukuu wake kwa nguo aliyo nayo. Tena hatuna budi kukiri ya kuwa wako wazazi wanaostahili onyo lake. Tumewasikia sisi wenyewe, kisimani na katika magari ya abiria, wakisimulia kinyesi cha mtoto, na makelele yake ya usiku, na vyombo alivyovunja, naye mtoto amesimama pale pale, na wasikilizaji wakicheka, au wakitikisa vichwa kwa huruma. Huruma ya namna hiyo ni tamu kwa mzazi aliyechoka, nasi hatuwahukumu upesi, maana hatukukesha nao. Lakini aliyeilipia ni mtoto.

Hata hivyo kunyamaza nako kuna gharama yake, nasi tunaijua gharama hiyo kwa sababu tulikuwa miongoni mwa walioitoza.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha darasa la kwanza katika shule fulani. Akaletwa mvulana mmoja, msafi, mwenye nguo mpya, na baba yake akatuambia neno moja tu, ya kwamba mtoto ni mpole. Tukamwuliza yule mvulana, "Jina lako nani?" Akajibu, "Jina lako nani?" Darasa likacheka. Tukasema, "Wanifanyia mzaha?" Naye akasema, "Wanifanyia mzaha?" kwa sauti yetu hasa, na ukali wetu wote ndani yake. Tulimpiga fimbo tatu. Hakulia kama watoto wengine walivyolia. Aliziba masikio, wala hakushika mahali palipopigwa. Jambo hilo la masikio lilitusumbua jioni ile, lakini halikutusumbua kiasi cha kwenda kwao kuuliza. Tuliendelea hivyo majuma matatu, kisha hakuja tena.

Ilipita miaka kabla ya kumwona tena baba yake, msibani. Hapo ndipo alipotueleza ya kuwa mama wa mtoto alijua tangu zamani maana ya kurudia kule: ni njia ya mtoto ya kusema, nimesikia, ngojeni kidogo. Tena mama alikuwa amegundua ya kuwa ukimwanzia jibu mwenyewe, ukasema, "Jina langu ni," kisha ukanyamaza ukamngoja, alilimaliza bila taabu. Maneno matatu hayo yangalimweka shuleni. Tukamwuliza yule baba, "Mbona hukutuambia?" Akasema, "Niliona haya, Mwalimu. Nilidhani mtamfukuza." Naye kwa heshima yake hakutuuliza swali alilokuwa na haki ya kutuuliza, yaani, mbona ninyi hamkuniuliza?

Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeona ya kuwa mficha njia ya mtoto wake huzaa, lakini watu wa kumsaidia kumlea hawapati.

Tena hata madaktari walioiandika hali hii waliipata kwa mzazi aliyekubali kusema. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, alizaliwa mwaka 1933 mtoto aitwaye Donald Triplett. Alikuwa hajali aje mtu wala aende, alipenda kuzungusha vitu, alifahamu hesabu ajabu, na alilia sana mpango wake ulipovurugwa. Madaktari waliwashauri wazazi wamweke katika nyumba ya kutunzia watoto na kumwacha huko. Wakamweka akiwa hajatimiza miaka minne. Lakini hawakustahimili, baada ya muda kama wa mwaka mmoja wakamchukua wakarudi naye nyumbani. Kisha baba yake, aliyekuwa mwanasheria, akamwandikia barua daktari wa watoto wa mji wa Baltimore, Leo Kanner. Barua hiyo ilikuwa ya kurasa 33. Ndani yake aliyaeleza aliyoyaona kwa mwanawe: alivyokula, alivyocheza, maneno aliyoyatumia, na mambo yaliyomtia hofu. Mwaka 1943 Kanner aliandika habari za watoto kumi na mmoja, na wa kwanza wao ni Donald. Katika maandishi hayo hakulitaja jina la ukoo. Aliliandikia herufi moja tu. Liangalieni sana jambo hili: njia ya mtoto ilisemwa, na nyumba yake ikafunikwa.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri yote. Kanner mwenyewe, na waliokuja baada yake kwa ukali zaidi, walianza kuandika ya kuwa wazazi wa watoto hawa ni watu baridi, wasio na upendo, na ya kuwa ubaridi wa mama ndio uliomfunga mtoto. Zaidi ya miaka ishirini kina mama walibebeshwa mzigo huo. Fikirini: mama hakulala usiku kwa ajili ya mwanawe, na asubuhi aambiwa na mtaalamu ya kuwa hampendi. Waliouvunja uongo huo kwa sehemu kubwa ni wazazi wenyewe waliokataa kunyamaza. Mwaka 1962 wazazi kadhaa walifanya chama chao London. Huko Marekani Bernard Rimland, mtu mwenye elimu ya nafsi na baba wa mtoto wa usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 kuonyesha ya kuwa kosa si la mama, na mwaka uliofuata wazazi wa huko nao wakafanya chama. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya wazazi waliokutana akatamka ya kuwa hawana hatia. Kwetu Afrika ya Mashariki mambo yalichelewa, lakini yalikwenda kwa njia iyo hiyo: chama cha usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003.

Lakini katika habari za Donald, sehemu tuipendayo kuliko zote haimo mjini wala katika chama. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kukaa na mume na mke wakulima, shambani, mwendo wa maili kumi hivi kutoka kwao. Hawakuwa madaktari. Waliona ya kuwa mtoto hawezi kuacha kupima vitu. Wakamchimbisha kisima, akawa akiwaambia urefu wa kwenda chini. Waliona ya kuwa huhesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kuchoka; wakampa plau na farasi, ahesabu mistari huku akiilima. Alipokuwa akikusanya ndege na wadudu waliokufa, hawakumpigia kelele. Walimpa kipande cha ardhi kiwe makaburi yao. Kanner alipokwenda kumtazama mwaka 1945 alimwona akiigeuza plau vizuri mwisho wa mstari, akastaajabia hekima ya wakulima wale. Donald alikua, akasoma mpaka chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka mingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89, na watu wa mji ule walikuwa wamemzoea na kumlinda. Hatusemi ya kuwa kila mtoto atafika huko. Wengi hawatafika, wala thamani yao haipungui hata chembe. Twasema tu ya kuwa wakulima wale walijua la kufanya kwa kuwa walimtazama mtoto, na sisi tunalijua kwa kuwa walikubali kulisimulia.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti ambayo lugha yetu imetuwekea tayari. Kumsema mtu ni jambo moja, na kumsemea ni jambo jingine. (Twajua ya kuwa watoto wa shule husema "nitakusemea" kwa maana ya kushtaki, hatuna maana hiyo hapa.) Amsemaye mtoto huwaambia watu jinsi mtoto alivyomtaabisha. Amsemeaye huwaambia mtoto ahitaji nini ili akae vizuri kati yao. Habari yaweza kuwa moja, na kinywa kimoja. "Alipiga makelele kanisani mpaka nikataka kuzama chini," huko ni kumsema. "Ngoma za kwaya humuumiza masikio, tupeni nafasi karibu na mlango, naye akitoka msimrudishe," huko ni kumsemea. Mzee wa kanisa akiisikia ya pili ana la kutenda. Akiisikia ya kwanza atalichukua aende kulisimulia.

Yale yafaayo kuelezana ni mengi, na wazazi waliokwisha kutembea njia hiyo wanayo tele. Mmoja ameona ya kuwa maneno marefu humpotea mtoto, lakini akimwambia, "Keti. Kula," kisha akingoja, akihesabu polepole mpaka kumi moyoni, mtoto hufanya. (Ni kungoja kunakotushinda sisi watu wazima.) Mwingine amechora kwa makaa juu ya vipande vya boksi picha za mambo ya siku, maji ya kunawa, bakuli la uji, mlango wa shule, akazipanga ukutani kwa utaratibu wake, na siku ambayo hakuna shule huigeuza picha ile tangu alfajiri mbele ya mtoto, ili asipatwe kwa ghafula, kwa maana mabadiliko yasiyotangulizwa humtisha kuliko giza. Wa tatu amejifunza kutomzuia mtoto anapoyumba mbele na nyuma, kwani ndivyo anavyojituliza. Wa nne mwanawe hukusanya vizibo vya chupa, naye badala ya kuvitupa humfundishia hesabu, jambo ambalo wale wakulima wa Mississippi wangalilitambua mara moja. Na juu ya fimbo, wote watawaambia yale tuliyoyajifunza kwa aibu: mtoto huyu haunganishi pigo na kosa, hujifunza tu kuuogopa mkono.

Yako pia mambo ambayo mzazi asiyeambiwa aweza kupoteza miaka. Mtoto asiyeitika apimwe masikio kwanza hospitalini, maana huenda ni kiziwi na si zaidi. Tena kifafa huwapata watoto wa usonji kuliko wengine. Mtoto akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu cho chote kinywani, na apelekwe kwa mganga wa hospitali, kwani kifafa kina dawa hata kama usonji hauna.

Liko jambo moja ambalo katika hilo kunyamaza kwaweza kuua. Watoto wengi wa usonji hutoroka nyumbani bila kutazama nyuma, na wengi wao huvutwa na maji. Kuzama majini ni mojawapo ya hatari kubwa sana kwao. Mama hawezi kukodolea macho mchana kutwa. Apika, alima, ateka maji, anyonyesha mdogo wake. Lakini jirani akaaye njia ya mtoni akiisha ambiwa, "Mtoto huyu ukimwona peke yake amepotea, hata akitembea kama mwenye safari; usimwite, hatageuka; mshike mkono umlete," basi yule jirani amekuwa ukuta. Jirani asiyeambiwa humwona mtoto akipita akasema moyoni, huyo ametumwa. Mama mkwe atakayelificha jambo hili kwa ajili ya heshima ya ukoo na akae kwanza afikiri ni heshima gani itakayobaki jioni ile.

Je, mpaka ni wapi? Hapo ndipo jibu letu la Jumapili lilipopungua. Sisi twadhani mzazi ajiulize jambo moja: mtoto huyu akiwa mtu mzima, akayasikia niliyoyasema juu yake leo, atanishukuru ama atainamisha uso? Wako watu wazima wengi wenye usonji leo wanaosoma na kuandika na kuyasema maisha yao wenyewe, na baadhi yao wamelalamika waziwazi juu ya wazazi waliouza machozi yao. Kwa hiyo yanayohusu mwili wake, choo chake, na mambo aliyoyafanya saa ya kushindwa kabisa, yaambiwe mganga au rafiki mmoja, faraghani. Picha yake akilia isipelekwe huku na huku katika simu. Jina lake lisitangulizwe pale ambapo njia peke yake yatosha. Wala wazazi wakikutana wasishindane, huyu akisema wangu amekwisha sema maneno ishirini, na yule akilia kwa kuwa wake hana hata moja. Lililomfaa mmoja huenda likamdhuru wa pili. Lipokelewe kama mbegu ya kujaribiwa kwenye tuta moja kwanza.

Na mtoto asisemwe juu ya kichwa chake. Hili twalisema kwa uzito. Mtoto asiyejibu si lazima awe hasikii, wala asiyesema si lazima awe hafahamu. Tumewajua walionyamaza miaka, kisha siku moja wakaonyesha kwa kidole au kwa herufi ya kuwa kila neno liliwafikia. Kama hatuna hakika alisikia nini, basi tuseme mbele yake kama mbele ya mtu aliyesikia yote.

Twaongeza neno kwa kina baba. Katika wale wazazi wanne wa mtaa wetu, watatu waliotaka kukutana ni kina mama. Wa nne ni seremala, naye tu ndiye baba aliyekuja. Wengine walisema wana kazi.

Yule mama tulimweleza haya yote, akaenda akamweleza mama mkwe wake kwa namna yake mwenyewe, ambayo bila shaka ilikuwa bora kuliko yetu. Walikutana Jumamosi, nyumbani kwake, si kanisani. Mama mkwe hakukataa tena, lakini hakuketi nao mkekani. Alikaa kizingitini, amewapa mgongo, akichagua mchele katika ungo. Wakasema mengi. Mwishowe yule seremala akalalamika ya kuwa mwanawe hanyoleki. Wembe ukikaribia hupiga mateke mpaka watu wawili hawamwezi, na nywele zimekuwa msitu. Kukawa kimya. Ndipo bibi akanena bila kugeuka. Alisema yeye humnyoa babu kwanza, mtoto akitazama. Kisha humpa mtoto kitana akishike mwenyewe. Kisha humnyoa mapito matatu tu, huku akiyahesabu kwa sauti ili mtoto ajue mwisho upo, halafu huacha mpaka kesho. "Huenda siku nne na nusu ya kichwa," akasema, "na wenye kucheka wacheke." Seremala akauliza, mapito matatu kuanzia mbele au nyuma? Bibi akaweka ungo chini, akageuka, akamwonyesha juu ya kichwa chake mwenyewe.